Kubadilisha klachi mwenyewe: Zana za kuazima na zana za kutokosa

GARI linalokwea kilima cha Changamwe jioni, likiwa nyuma ya msururu wa malori ya makontena yanayotoka bandarini, husimama na kuondoka tena mara nyingi kabla ya kufika njia panda ya kwenda Port Reitz. Kila linapoondoka, dereva huiachilia klachi taratibu ili gari lisirudi nyuma, na kila anapofanya hivyo kitambaa kilichomo ndani ya klachi hiyo hulika kidogo. Madereva wanaovuka kivuko cha Likoni hupata adha hiyo hiyo kwenye mteremko wa kuingilia na kutokea feri.

Ndiyo sababu gereji za jua kali zilizoko Port Reitz, Magongo na vitongoji vya jirani hazikosi gari lililoshushwa giaboksi. Ndiyo sababu pia wako wenye magari ambao, baada ya kupiga hesabu ya spea na ya ufundi, huamua kuifanya kazi hiyo wenyewe uani mwao, mwishoni mwa juma, wakisaidiwa na ndugu au jirani.

Kazi yenyewe si siri. Magari mengi yanayoingia nchini kupitia bandari ya Mombasa ni ya Kijapani, na mtu makini aliyewahi kubadilisha breki anaweza kuielewa klachi yake. Yanayowashinda wengi ni mambo ya zana.

Mtu akiulizwa zana za kazi hii, jibu la kwanza huwa ni spana. Lakini spana ndizo zana zilizo rahisi zaidi kuazima, na bolti nyingi za klachi hufunguka bila taabu kubwa. Kinachoamua kama mtu atatoka salama chini ya gari, na kama klachi mpya itadumu, ni zana za aina tatu ambazo wanaojitengenezea magari huzidharau: za kubebea gari na giaboksi, ya kulengea klachi katikati, na ya kupimia nguvu ya kukaza.

Jinsi klachi inavyofanya kazi

Klachi hukaa baina ya injini na giaboksi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja nayo. Mafundi huliita flaiwili. Mbele yake kuna klachi pleti, yaani kisahani chembamba chenye kitambaa cha msuguano pande zote mbili, ambacho kimeshikana kwa meno na shafti ya giaboksi. Kisahani hicho hubanwa kwenye flaiwili na presha pleti, sehemu yenye springi kali iliyofungwa kwa bolti.

Dereva akikanyaga pedali, beringi iliyo kwenye shafti ya giaboksi husukuma springi, presha pleti ikalegea na kisahani kikawa huru. Injini huzunguka bila kuvuta gari, na gia huingia. Akiachilia pedali, springi hurudi na kubana tena. Muda mfupi uliopo kabla ya kubana kabisa ndio wakati wa msuguano, na ndio wakati kitambaa kinapolika na kupata moto.

Kutokana na mpangilio huo, hakuna njia ya kuifikia klachi bila kuitoa giaboksi. Kwenye matatu nyingi za abiria 14 na pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, mtu hufungua kwanza propela shafti. Kwenye magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, sharti afungue ekseli zote mbili, na mara nyingi aegemeze injini kwa sababu mojawapo ya mihimili yake huondolewa.

Kwanza thibitisha ugonjwa

Klachi iliyokwisha hujitambulisha kwa njia chache. Injini huvuma kwa nguvu ilhali mwendo wa gari hauongezeki, hasa likiwa kwenye gia ya juu au likipanda mlima. Harufu kama ya kitu kilichoungua huingia ndani ya gari.

Lakini gia zinazogoma kuingia, au zinazokwaruza zinapoingizwa, si ushahidi wa kutosha. Magari mengi hutumia mafuta ya haidroliki kuisukuma klachi, na mafuta hayo yakivuja, au hewa ikiingia, pedali hulegea na klachi haiachii sawasawa. Katika magari yanayotumia waya, waya huweza kuwa umelegea au umeanza kukatika.

Zana za uchunguzi huu ni chache: tochi, kitambaa safi, spana ya milimita 10, kipande cha mpira mwembamba unaopenyeza mwanga na chupa ya kupokelea mafuta. Mtu mmoja hukanyaga pedali, mwingine hufungua kifundo cha silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi na kutazama kama mapovu yanatoka. Nyenzo hizo za bei ndogo zimewaokoa wengi kushusha giaboksi isiyo na hatia.

Zana za kubebea

Hapa ndipo roho ya mtu ilipo. Kazi ya klachi humweka mtengenezaji chini ya gari kwa saa nyingi, akivuta na kusukuma vitu vizito. Gari dogo lina uzito wa takriban tani moja, na kila anapovuta mpini wa spana hulitikisa.

Kanuni ya gereji ni moja: jeki huinua, stendi hushikilia. Jeki ya haidroliki, iwe ya magurudumu au ile ndogo ya chupa, hushika uzito kwa mafuta yanayozuiwa na sili za mpira. Sili ikipasuka, gari hushuka bila kutoa onyo. Kwa hivyo mara gari linapoinuka, huwekwa juu ya stendi za chuma, angalau jozi moja, zenye uwezo ulioandikwa na unaozidi uzito wa gari, na zenye pini ya kuzuia zisiteleze. Magurudumu yanayobaki chini hutiwa kabari mbele na nyuma.

Kwa kukosa stendi, wengi hutumia matofali. Pwani, tofali lililo karibu ni lile la matumbawe lililobaki kwenye ujenzi. Tofali hilo hujenga nyumba imara kwa sababu ukutani uzito huenea sawasawa. Likiwekwa chini ya gari, uzito hukusanyika mahali padogo, nalo huweza kupasuka ghafla. Tofali la saruji lenye matundu ni la hatari zaidi. Asiyeweza kupata stendi asiingie chini ya gari. Anaweza kuzikodi kwa gereji ya jirani kwa siku mbili.

Ardhi nayo ni sehemu ya zana. Ua wa udongo uliolowa kwa mvua za masika humeza miguu ya stendi polepole, na gari huinama upande mmoja. Vipande vya mbao ngumu, vipana na vinene, huwekwa chini ya jeki na chini ya kila stendi. Sakafu ya saruji iliyo sawa ni bora kuliko yote.

Baada ya gari, sharti giaboksi nayo ibebwe. Giaboksi ya gari dogo huweza kufika kilo 30 au kupita, na ya matatu au pikapu ni nzito zaidi. Wapo vijana wa gereji wanaoipokea kifuani wakiwa wamelala chali. Ni desturi ya kishujaa lakini si ya kuigwa, kwani giaboksi ina umbo lisiloshikika na aghalabu huwa imepakwa mafuta.

Zana nzuri ni jeki maalumu ya giaboksi. Asiyekuwa nayo huweza kukata ubao mnene, akautoboa na kuufunga kwenye kikombe cha jeki ya magurudumu, kisha akaifunga giaboksi juu yake kwa mkanda. Zana nyingine inayopendwa jua kali ni bomba nene la chuma linalolazwa juu ya sehemu ya injini, kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, na mnyororo wa kuning'inizia injini. Bomba hilo hufanya kazi barabara iwapo ncha zake zimeegemea sehemu ngumu za bodi, juu ya vipande vya mbao, wala si juu ya mabati membamba ya pembeni ambayo hukunjika.

Kuna sababu nyingine ya kuibeba giaboksi vizuri. Inapotolewa au kurudishwa, shafti yake huwa imepenya katikati ya klachi pleti. Ikiachwa ining'inie hapo hata kwa dakika chache, uzito wake wote hulala juu ya kisahani hicho chembamba na kukipinda. Gari litakapowashwa litatetemeka kila linapoondoka, na mwenyewe atailaumu spea ambayo haina kosa.

Zana za kufungulia

Kwa magari ya Kijapani, spana na soketi za milimita 10, 12, 14, 17 na 19 hufungua karibu kila kitu. Nati kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mbele, inayoshika ekseli, huhitaji soketi yake. Kwenye Toyota nyingi ndogo ni ya milimita 30. Soketi yenye pembe sita ni bora kuliko ya pembe kumi na mbili, kwa kuwa hushika mbavu za bolti na si ncha zake.

Kifaa ambacho mafundi hukisifu kuliko vyote katika hatua hii ni kirefusho cha soketi, cha sentimita 30 au zaidi. Bolti za juu za giaboksi hujificha nyuma ya injini, na mkono hauzifikii. Kwa kirefusho na kiungio kinachopinda, fundi huzifungua akiwa amelala chini, mpini ukiwa mbali ambako kuna nafasi.

Hewa ya chumvi inayovuma kutoka bahari ya Port Reitz hufanya kutu iwe adui wa kila siku. Mafuta ya kulegezea kutu hupuliziwa bolti jioni ya kuamkia kazi, si dakika tano kabla. Bolti ikigoma, mpini mrefu huongezewa bomba ili kupata nguvu. Kabla ya kufanya hivyo chini ya gari, mtu ahakikishe anavuta kwa namna ambayo haiwezi kulisukuma gari kutoka kwenye stendi. Nati ya ekseli na nati za magurudumu hulegezwa gari likiwa bado limekanyaga ardhi.

Mtaimbo mfupi hutumika kubandua ekseli kutoka kwenye giaboksi, na karai hupokea mafuta ya gia. Nyaya za betri hufunguliwa mwanzo kabisa, kwa kuwa waya mnene wa stata hupita karibu na mahali pa kazi na huweza kutoa cheche.

Zana mbili zisizogharimu kitu humalizia orodha hii. Ya kwanza ni kipande cha katoni kilichochorwa umbo la giaboksi. Bolti zake hazina urefu mmoja. Kila inapotoka hudungwa kwenye katoni mahali pake, na siku ya kurudisha haitafutwi. Ya pili ni simu yenye kamera, ya kupiga picha kila hatua kabla ya kufungua.

Zana ya kulengea

Presha pleti mpya inapofungwa, kisahani cha klachi huwa hakijashikwa na kitu chochote katikati. Kikihama kidogo tu, shafti ya giaboksi haitaingia. Watu wawili huweza kuhangaika saa nzima wakiisukuma giaboksi, na mwishowe mmoja hushawishika kuivuta kwa bolti. Hapo ndipo nyumba ya giaboksi hupasuka au kisahani kuvunjika.

Dawa yake ni kijiti cha kulengea, kinachopita katikati ya kisahani na kuingia kwenye tundu lililo nyuma ya injini, kikishikilia kila kitu mahali pake hadi bolti zikazwe. Baadhi ya seti za klachi huuzwa pamoja na kijiti cha plastiki. Lakini zana ambayo mafundi wengi huiamini zaidi ni shafti kuukuu iliyotolewa kwenye giaboksi iliyokufa ya gari la aina ile ile. Meno yake hulingana kikamilifu na ya kisahani, na ncha yake hukaa tundu lile lile. Wauzaji wa vyuma chakavu huwa nazo, na gereji iliyozoea aina fulani ya gari haikosi moja.

Asiyepata chochote huchonga kijiti cha mbao na kukizungushia utepe hadi kitoshee matundu yote mawili. Kikichongwa kwa uangalifu hufaa, ila si mara zote.

Kabla ya kulenga, kisahani kipya hujaribiwa kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Kinapaswa kuteleza bila kukwama. Meno hupakwa grisi kidogo sana, kwani ikizidi hurukia kwenye kitambaa na kukiharibu. Upande wa kisahani pia hutazamwa. Aghalabu huandikwa upi unaelekea flaiwili, na kikigeuzwa klachi huweza isiachie kabisa, kazi yote ikaanza upya.

Zana za kupimia

Fundi mzoefu hukaza bolti kwa kuusikiliza mkono wake. Mwenye gari anayefanya kazi hii mara moja kwa miaka kadhaa hana mkono huo. Kwake yeye, spana ya kupimia nguvu ya kukaza si anasa.

Kwenye Toyota nyingi ndogo, bolti za presha pleti hukazwa kwa takriban Newton-mita 19 tu, nguvu ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Nati za magurudumu ya magari hayo hayo huhitaji takriban 103. Mtu anayetumia nguvu moja kwa zote mbili atakata bolti ya kwanza au atapoteza gurudumu njiani. Vipimo vya kila gari vimo katika kitabu chake cha ufundi, na hicho ndicho cha kufuatwa.

Bolti za presha pleti hukazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa mizunguko kadhaa. Springi iliyomo ndani ni kali. Bolti moja ikikazwa hadi mwisho huku nyingine zimelegea, bati la presha pleti hupinda. Wakati wa kufungua pia utaratibu ni huo huo.

Kipimo kingine ni cha kina. Kitambaa cha kisahani hushikwa kwa ribiti, na vichwa vya ribiti vikibakia chini ya uso wa kitambaa kwa milimita 0.3 tu au pungufu, kisahani kimekwisha kwa viwango vya Toyota. Flaiwili nayo hukaguliwa. Madoa ya buluu ni alama ya joto kali, na nyufa ni sababu ya kuibadilisha au kuipeleka kwa mafundi wa mashine ya kerezo waamue kama inasawazishika. Usipoziba ufa utajenga ukuta: sili ya mafuta iliyo nyuma ya injini, ikiwa inavuja, hubadilishwa wakati huo huo, maana tone la mafuta juu ya kitambaa kipya hurudisha giaboksi chini.

Kwa sababu hiyo hiyo kisahani, presha pleti na beringi hubadilishwa pamoja. Kuacha beringi kuukuu kwa kubana matumizi ni kujiwekea miadi ya kuifanya kazi nzima tena.

Vumbi lisilotazamwa

Giaboksi inapotoka, vumbi jeusi huanguka. Desturi ya kulipuliza kwa kompresa au kwa mdomo ni mbaya. Kwa miaka mingi vitambaa vya klachi na breki vilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu. Japani ilipiga marufuku asbesto katika vitambaa hivyo mwaka 2004. Hata hivyo, gari kuukuu huweza kuwa na klachi ya zamani, na hakuna awezaye kuitambua asbesto kwa macho.

Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya sabuni hukusanya vumbi bila kulirusha hewani. Barakoa inayobana vizuri na miwani ya kukinga macho hukamilisha zana za usafi. Petroli isitumiwe kuoshea chini ya gari, ambako mvuke wake hukusanyika na cheche moja hutosha.

Kufanya mwenyewe au kumwita fundi

Kwa mwenye gari anayetaka kujaribu, mgawanyo wa busara ni huu. Soketi za kawaida, kirefusho na stendi ni za kununua, kwa sababu zitatumika pia kwa breki na mafuta. Jeki ya giaboksi, spana ya kupimia na shafti ya kulengea ni za kukodi au kuazima, kwa kuwa hutumika mara chache. Msaidizi hana mbadala. Hakuna anayepaswa kushusha giaboksi peke yake wala kufanya kazi chini ya gari mahali ambapo hakuna wa kumsikia.

Magari yenye flaiwili ya sehemu mbili, na yale yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, yanafaa kuachiwa fundi. Hata hapo ujuzi wa zana hauendi bure. Cheti cha majaribio ya ufundi kinachotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ni dalili njema, lakini mteja anaweza pia kujionea kwa macho yake: gari limesimama juu ya stendi au juu ya mawe? Bolti zimepangwa au zimemwagwa mchangani? Fundi ana kijiti cha kulengea, au hukisia?

Gereji nyingi ndogo za Port Reitz hufanya kazi nzuri kwa zana zilizobuniwa na mikono ya wenyewe, na bomba la kuning'inizia injini ni ushahidi wa ubunifu huo. Jozi ya stendi haihitaji kubuniwa. Ipo madukani, na mteja ana haki ya kuiulizia kabla ya kukabidhi ufunguo, kwa usalama wa gari lake na wa kijana atakayelala chini yake.